Ada ya chuo kwa gunia la maharage: Ngara na Biharamulo wapiga hesabu

WAZAZI wa wilaya za Ngara na Biharamulo wenye vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita wanahangaikia bidhaa ambayo haitajwi katika bei za wiki za soko la Rulenge wala za Nyakanazi. Bidhaa hiyo ni nafasi ya chuo. Ina bei yake, hulipwa kwa awamu kwa miaka mitatu hadi mitano, na mnunuzi akiishiwa fedha katikati hagawiwi nusu ya alichokwisha kulipia.

Katika nyumba nyingi swali huja kwa sura moja. Kijana ana barua ya kukubaliwa na chuo kikuu binafsi: kozi nzuri, jina zuri, ada ya mamilioni. Pembeni ipo nafasi nyingine isiyo na sifa kubwa kijijini, yaani astashahada au stashahada katika chuo cha Mwanza, Bukoba au Muleba, kwa ada inayobebeka, na maelezo kwamba akifaulu atapanda hadi shahada baadaye. Baba mdogo anasema ichukuliwe ya kwanza, bahati haiji mara mbili. Shangazi anauliza ni nani atakayelipa mwaka wa tatu.

Swali la shangazi ndilo la kibiashara, na ndilo ambalo vikao vingi vya ukoo hulipita haraka. Michango ya mwaka wa kwanza hupatikana. Watu hutoa kwa furaha, mbuzi huuzwa, na kijana husindikizwa hadi kituo cha basi. Ugumu huanza pale ambapo kila mchangiaji amekwisha kurudi kwenye shida zake na chuo kimetoa tangazo kwamba asiyemaliza ada hafanyi mtihani.

Bei kwa magunia

Chukua kozi ya udaktari wa binadamu, ambayo vijana wengi waliosoma sayansi huitamani. Ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Katika vyuo vikuu binafsi ada yake peke yake huzidi sh. milioni 5 kwa mwaka. Kwa hesabu ya mfano iwekwe sh. milioni 5.5, na kwa miaka mitano itakuwa sh. milioni 27.5. Chakula na malazi yakipigwa kwa sh. 10,000 kwa siku, kiwango ambacho Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikitumia, kwa siku 240 za masomo ni sh. milioni 2.4 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa chuo unafika sh. milioni 7.9, na miaka mitano sh. milioni 39.5, kabla ya nauli, vitabu na sare za wodini.

Sasa fedha hizo ziwekwe kwenye magunia. Maharage yakiuzwa sh. 2,000 kwa kilo, gunia la kilo 100 ni sh. 200,000. Mwaka mmoja wa chuo unakula magunia 39 na nusu. Ekari moja ya maharage kwa mkulima wa kawaida hutoa magunia manne hivi, tena mvua zikiwa nzuri. Kwa misimu miwili ya mwaka hiyo ni karibu ekari tano kila msimu, bila nyumba kula hata kisado kimoja. Bei ikishuka hadi sh. 1,200, magunia yanayotakiwa yanakaribia 66. Kaya nyingi za milima ya Ngara hazina ardhi hiyo, na zile zenye ardhi upande wa Biharamulo hazina nguvu kazi ya kuilima yote.

Kahawa ndiyo hutegemewa zaidi kwa ada, kwa sababu fedha zake huja kwa mkupuo. Kwa bahati mavuno yake, kati ya Mei na Septemba, huishia muda mfupi kabla vyuo havijafunguliwa. Lakini bei ya kahawa haipangwi Ngara. Mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989 na bei zikaporomoka. Baridi kali iliyounguza mashamba ya Brazil mwaka 1994 ikazipandisha. Kati ya 2001 na 2002 robusta, ambayo ndiyo kahawa ya sehemu kubwa ya Kagera, iliuzwa katika soko la London chini ya dola 500 kwa tani. Septemba 2024 ilivuka dola 5,000. Ni tofauti ya mara kumi kwa zao lile lile. Mzazi anayekubali ada ya miaka mitano kwa kutazama bei ya msimu mmoja mzuri anafanya kamari ambayo mfanyabiashara wa maharage wa Kabanga asingeifanya kwa lori moja.

Ipo pia kalenda. Awamu ya pili ya ada hudaiwa mwanzoni mwa mwaka au kuelekea Machi na Aprili. Wakati huo fedha za kahawa zimekwisha na mbegu za masika zimenunuliwa. Yanayobaki ni maharage ya vuli yaliyovunwa Desemba na Januari, na wakati huo kila mtu anauza, hivyo bei iko chini. Ada ile ile humgharimu mzazi magunia mengi zaidi Februari kuliko ingemgharimu kama angeweza kusubiri miezi mitatu.

Si punguzo, ni bima

Ndugu walioko ughaibuni huwashauri vijana waanze chuo kidogo kisha wahamie kikubwa. Ushauri huo una mizizi Marekani, ambako chuo cha umma cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 kwa lengo la kutoa masomo ya miaka miwili ya mwanzo karibu na nyumbani. Mwanafunzi husoma huko miaka miwili kwa ada ndogo, kisha huhamia chuo kikuu na, masomo yake yakikubaliwa yote, huingia mwaka wa tatu. Miaka miwili ya bei nafuu inakuwa sehemu ya ile minne ya shahada. Hapo kuna punguzo la kweli.

Tanzania ngazi zipo, lakini hesabu yake ni nyingine. Baraza la vyuo vya ufundi, lililoanzishwa kwa sheria ya 1997 na leo linajulikana kama NACTVET, limepanga masomo kwa ngazi: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, na shahada iko ngazi ya 8. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, humruhusu mwenye stashahada ya wastani wa alama 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuomba shahada, ingawa kozi nyingine zina masharti zaidi. Mlango upo wazi. Ila akishaingia, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Miaka yake ya stashahada haipunguzi miaka ya shahada.

Kwa mfano ule ule wa udaktari, stashahada ya utabibu ni miaka 3. Ikiwekwa sh. milioni 1.8 kwa mwaka, ada yote ni sh. milioni 5.4, sawa na magunia 27. Akipata alama 3.0 na akiwa na ufaulu wa fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na Kiingereza wa kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari na kuanza miaka mitano upya. Ada zote zikijumlishwa ni sh. milioni 32.9 badala ya 27.5, na miaka ni minane badala ya mitano. Anayesema njia ndefu ni ya bei nafuu hajapiga hesabu hadi mwisho.

Kinachonunuliwa kwa yale magunia 27 ni kituo cha kushukia. Basi la Ngara kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200. Abiria ambaye nauli yake inaishia Kahama ni heri ashuke Kahama mjini, penye kazi na pa kulala, kuliko kushushwa porini. Kijana aliyekwama mwaka wa tatu wa udaktari hawezi kuajiriwa hata zahanati ya kijiji. Aliyekwama baada ya stashahada ni tabibu kamili, anasajiliwa, anafanya kazi. Hiyo ni bima, na bima hulipiwa.

Kidato cha nne ndipo penye bei nzuri

Bima hiyo haina bei moja kwa kila mtu, na hapa ndipo wazazi wengi huchelewa. Kijana wa kidato cha nne anayekwenda astashahada hadi stashahada hutumia miaka 3. Mwenzake wa kidato cha tano na sita hutumia miaka 2. Tofauti ya kuufikia mlango wa chuo kikuu ni mwaka mmoja tu, na wa kwanza anafika pale akiwa na fani mkononi. Kwa upande wa fedha, ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2022/23, kwa hiyo chuo kinagharimu zaidi. Lakini bajeti ya 2023/24 ilifuta ada pia kwa wanaochaguliwa na serikali kwenda vyuo vya ufundi vya Dar es Salaam, Mbeya na Arusha, yaani DIT, MUST na ATC. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya uchaguzi wa tahasusi na vyuo. Walio wengi hujaza safu ya vyuo kama adhabu ya akiba, iwapo mambo yataharibika. Ni dharau isiyo na hesabu.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita mambo yamebadilika. Akirudi nyuma kuanza stashahada ya miaka mitatu anaongeza miaka mitatu mizima. Katika fani za biashara na uhasibu afadhali ipo, kwa kuwa mwenye kidato cha sita huweza kuanza stashahada ya miaka miwili moja kwa moja, na Mwanza ina matawi ya CBE, TIA, IFM na Chuo cha Mipango. Lakini kama ana alama 4.0 katika masomo mawili ya tahasusi, kiwango cha chini cha TCU kwa kozi nyingi, jibu lililo bora mara nyingi halimo katika zile barua mbili. Ni chuo kikuu cha umma, ambako ada ya kozi nyingi iko kati ya sh. milioni 1 na 2 kwa mwaka, hata kama kozi si ile aliyoiota.

Kijana aliyepata alama ndogo kidato cha nne hajatupwa. VETA imekuwa ikitoza sh. 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na sh. 120,000 kwa wa bweni, na cheti cha ngazi ya tatu cha ufundi stadi kinaweza kumrudisha kwenye ngazi za stashahada. Magunia yanayohitajika hapo yanahesabika kwa vidole.

Ngazi nazo huvunjika

Isidhaniwe kwamba njia ndefu haina hatari. Wastani wa 3.0 si mchezo kwa kijana anayefanya vibarua ili ale. Tena kiwango chenyewe hubadilika: mwaka 2016 kilipandishwa hadi 3.5, na mwaka uliofuata kikarudi 3.0. Waliokuwa na 3.2 katika mwaka ule mmoja walikuta mlango umefungwa mbele yao. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani, wengine wakiwa wamesafirishwa kwa fedha za mazao ya mwaka mzima.

Vyuo vya ada kubwa havina kinga pia. Februari 2016 TCU ilifunga matawi ya Songea ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Julai 2017 vyuo vikuu 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mji wa Bukoba uliwahi kuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili, cha Josiah Kibira na cha Kardinali Rugambwa. Vyote viwili havipo tena. Mzazi wa Biharamulo aliyekuwa akihesabu nauli ya Bukoba tu alijikuta akitafuta ya Mwanza. Walau safari hiyo imekuwa fupi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita 3 na kuondoa foleni ya kivuko.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, orodha za TCU na NACTVET hutazamwa bure. Kwa mtu asiyenunua ng'ombe bila kumtazama meno, hatua hiyo isingepaswa kuwa ngumu.

Soko la ajira la mpakani

Wakazi wa Ngara wanalijua soko la ajira linalopanda ghafla. Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika siku chache, na kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Mashirika ya misaada yalitafuta madereva, wauguzi, makarani na wakalimani. Mishahara yao ilizidi ya serikali kwa mbali, hata walimu na waganga wakaacha vituo vyao. Mwenye cheti cha uuguzi alipata kazi wiki ile ile. Aliyekuwa bado anasomea shahada hakuwapo. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa na ajira zikaisha karibu kwa mkupuo.

Biharamulo iliuona mgodi wa Tulawaka ukianza mwaka 2005 na kampuni iliyouendesha ikiukabidhi kwa STAMICO mwaka 2013, miaka minane tu baadaye, muda ambao kijana anayepanda ngazi ya utabibu hadi udaktari huwa bado yuko shuleni. Sasa macho yako kwenye nikeli ya Kabanga, ambayo leseni yake maalumu ya uchimbaji ilitolewa 2021. Mgodi ukianza kazi utataka mafundi umeme, mafundi mitambo na wapimaji wenye astashahada na stashahada kwa wingi kuliko wahandisi. Hata hivyo, kukopa fedha za ada kwa kutegemea mgodi ambao haujaanza kuzalisha ni kuuza kahawa iliyo bado maua, na wakulima wa Kagera wanajua wanaonunua kahawa ya maua hutoa bei gani.

Aliyekwisha kupata kazi baada ya stashahada ana njia ya tatu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo Bukoba, huruhusu mwanafunzi kusoma akiwa kazini na kulipia masomo anayoyachukua. Msimu mbaya huchukua masomo machache. Ni chuo kinachoendana na bei ya maharage, ingawa kinataka mtu anayeweza kusoma peke yake usiku baada ya kazi, na wengi huishia njiani.

Mkopo na makaratasi yake

Mkopo wa serikali hubadilisha hesabu yote, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na hutoa kwa kupima uwezo wa mwombaji. Aliyepewa mkopo hana uhakika kwamba utafunika ada yote, na pengo katika chuo cha sh. milioni 5.5 ni kubwa kuliko ada nzima ya chuo cha umma. Tangu mwaka 2023/24 wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo, nao wamekuwa wakikopeshwa. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara.

Upo mtego mmoja unaowanasa hasa waliochagua njia ndefu. Miongozo ya Bodi imekuwa ikitaka mwombaji wa shahada awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, asizidi umri wa miaka 35, na asiwe na ajira rasmi. Tabibu anayesema atafanya kazi kwanza, aweke akiba, kisha aende udaktari kwa mkopo, hukuta kwamba mshahara wake umemwondoa katika orodha, na akiacha kazi huenda miaka mitano imekwisha kupita. Mpango wa kwenda shahada kwa mkopo hupangwa mapema au haupangwi kabisa. Wa kwenda kwa akiba ni mpango mwingine, na hesabu yake ni ile ya magunia.

Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka na kufungwa baada ya miezi miwili au mitatu, wakati kahawa iko juani. Kinachotakiwa kwanza ni cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, ambacho katika familia nyingi hakikuwahi kukatwa kwa kuwa mazishi yalifanyika kijijini. Kukipata humaanisha barua ya mtendaji wa kijiji, safari ya makao makuu ya wilaya na majuma ya kusubiri. Wanaoanza makaratasi hayo Januari hufika dirishani kwa wakati, na wanaosubiri fedha za kahawa hulikuta limefungwa.